Kumtoa mtoto mwenye usonji shuleni na kumfundisha nyumbani, Uingereza

Mama Mapacha aliandika:

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa wote. Mmoja wa mapacha wangu ana usonji. Ana miaka 9, anasoma shule ya kawaida, na EHCP anayo, ule mpango rasmi wa halmashauri wa msaada wake wa elimu, afya na matunzo. Karibu kila wiki napigiwa simu nikamchukue kabla ya muda wa kutoka, naambiwa tu kwamba leo amezidiwa. Sasa shule imenishauri, kwa upole kabisa, nimfundishe nyumbani, na kwamba barua ya kumtoa naweza kuileta hata kesho. Mimi sijasomea ualimu, na baba yao anafanya kazi za usiku. Kuna aliyepita njia hii? Na ile EHCP inakuwaje? Nisaidieni kabla sijaandika chochote.

Mama Kitinda alijibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hizo simu. Barua hiyo usiiandike kwanza.

Mimi kijana wangu namfundisha nyumbani tangu alipokuwa mdogo na sijutii hata chembe. Ila kumtoa mtoto kuwe ni uamuzi wenu wazazi, kusiwe njia ya shule kujipunguzia mzigo. Mwongozo wa serikali umesema wazi kwamba shule haitakiwi kumshinikiza mzazi amtoe mtoto. Na hilo la kukuita umchukue mapema bila kuandikisha rasmi kwamba amesimamishwa ni kinyume cha sheria, hata kama wewe umekubali. Kwa hiyo kila simu ikija, siku hiyohiyo tuma barua pepe fupi: "Leo saa tano na nusu asubuhi mmeniomba nimchukue mtoto kwa sababu kadha wa kadha. Naomba mnithibitishie kwa maandishi." Usigombane na mtu, andika tu na utunze nakala. Siku ukikaa mezani na halmashauri, barua hizo ndizo zitakazokusemea.

Haki ya kumfundisha unayo. Kifungu cha 7 cha Education Act ya 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ya kutosha, inayolingana na umri wake, uwezo wake na mahitaji yake maalumu, ama shuleni ama kwa njia nyingine. Cheti cha ualimu hakitakiwi. Mtaala wa taifa si lazima kuufuata, wala saa za shule. Kwa shule ya kawaida huku England, unamwandikia mwalimu mkuu na jina linaondolewa. Kama mtoto yuko shule maalumu aliyopangiwa na halmashauri, hapo lazima halmashauri ikubali kwanza. Walioko Scotland wasifuate haya ninayosema, kwao hata kwenye shule ya kawaida ya serikali ruhusa ya halmashauri inahitajika.

Sasa EHCP, na hapa nakuomba usome polepole. Haifutiki kwa sababu umemtoa mtoto. Inabaki na inapitiwa kila mwaka. Lakini ukimtoa kwa hiari yako, na halmashauri ikaridhika kwamba unamfundisha ipasavyo, wajibu wake wa kumpatia yaliyoandikwa sehemu F, ile inayoorodhesha msaada wake wa masomo, unaondoka. Yaani yule mtaalamu wa matamshi, yale masaa ya msaidizi, vyote vinaweza kusimama, na ukivitaka utavilipia mwenyewe. Karatasi inabaki, huduma inakwenda. Shule ikikwambia "EHCP yake haitaguswa" inakupa nusu ya habari.

Ndiyo maana nakwambia, kabla ya barua ya kumtoa, iandikie halmashauri uombe EHCP ipitiwe mapema, usingoje mwaka uishe. Eleza kwamba shule imeshindwa kumhudumia. Omba msaada uongezwe, au abadilishiwe shule. Na kama unaamini hakuna shule itakayomfaa, omba EOTAS, elimu nje ya shule, chini ya kifungu cha 61 cha Children and Families Act ya 2014. Hapo mtoto anasomea nyumbani au penginepo, ila halmashauri ndiyo inayoendelea kuwajibika na kulipia. Haipatikani kirahisi, na wengi hukataliwa mara ya kwanza, lakini halmashauri ikikataa kubadilisha mpango baada ya mapitio, una haki ya kukata rufaa. Piga simu SENDIASS ya eneo lako, ile huduma ya ushauri kwa wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu, ushauri wao ni bure. IPSEA, shirika la hisani la sheria za elimu maalumu, nao wana barua za mfano ambazo unajaza tu.

Kaka wa Ujerumani aliandika:

Naongeza dogo kwa wanaofikiria kuhama. Hapa Ujerumani kumfundishia mtoto nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliunga mkono msimamo huo katika kesi ya familia ya Wunderlich. Sweden inaruhusu kwa sababu za kipekee mno. Ufaransa tangu 2022 lazima uombe idhini, ingawa afya na ulemavu ni miongoni mwa sababu zinazokubalika. Msihame na mtoto anayesomea nyumbani kabla hamjauliza sheria ya kule mnakokwenda.

Mama Mapacha aliandika:

Dada, Mungu akubariki. Sikujua habari ya sehemu F kabisa. Maswali mengine: visa yetu inasema hatuna haki ya fedha za umma, je, nikiomba mambo haya nitajiharibia? Na siku yenyewe nyumbani inakwendaje? Tena tumeshauriwa tuache Kiswahili, tumsemeshe Kiingereza tu, eti lugha mbili zinamchanganya.

Mama Kitinda alijibu:

Visa: shule na EHCP hazihesabiwi kuwa fedha za umma, kwa hiyo omba bila hofu. DLA ya mtoto, yaani posho ya ulemavu, ndiyo inayohesabiwa. Hiyo usiiguse kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji.

Lugha: msiache. Utafiti juu ya watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha mbili haujaonyesha kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Mkimnyima Kiswahili, atamsikiaje bibi yake kwenye simu? Ataongea nini na pacha wake nanyi mkiwa mnacheka jikoni? Hilo linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu wazazi wengi wametii na sasa wanaongea na watoto wao kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Nikupe na jambo jingine. Kijana wangu ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, juu ya usonji. Herufi za Kiingereza zilimliza, maana "ough" leo inasomwa hivi, kesho vile. Nikamwanzishia silabi zetu: ba, be, bi, bo, bu. Nikazikata kwenye kadi ngumu, akawa anaziunganisha kwa vidole mezani: ki na ti, ki-ta-bu. Kila herufi inasema kilekile siku zote. Akaanza kusoma sentensi nzima, akajiona msomaji, na Kiingereza tukakirudia akiwa na moyo. Sikuahidi kila mtoto atakuwa hivyo, ila jaribu.

Kuhusu siku, usiigeuze sebule kuwa darasa. Wiki za mwanzo mwache apumue, ametoka vitani. Kisha ratiba ya picha ukutani, chache tu: kusoma, hesabu, kutoka nje, kupumzika. Kazi ikiisha anaigeuza picha mwenyewe. Kwetu masomo ya mezani huisha kabla ya adhuhuri, na kwenu baba wa mapacha akiamka jioni anaweza kuchukua hesabu. Weka daftari la tarehe na mlichofanya, na picha za kazi zake, kwa sababu halmashauri itauliza.

Rasimu ya barua ya kuomba mapitio nitumie pembeni, niisome kabla hujaituma. Usisahau kuweka tarehe za zile simu zote.