Mrejesho: mashine ya kuosha vyombo tumeshanunua

Wapendwa, niliuliza familia ya watu sita hapa Hamburg ichukue mashine gani isiyokula umeme na maji. Asanteni sana! Lebo ya Ulaya ya matumizi ya umeme, ya A (inayokula kidogo) hadi G (inayokula sana), iliyopangwa upya Machi 2021, ndiyo iliyoniamulia. Tumechukua ya daraja C, seti 14 (yaani vyombo vya kulia vya watu 14): lita 9.5 kwa mzunguko, kWh 74 kwa mizunguko 100. Hesabu hizo ni za programu ya Eko, ile ya kubana matumizi, basi msiikimbie. Inachukua zaidi ya saa tatu, lakini umeme mwingi huliwa na kupasha maji, na Eko haiyachemshi sana. Ukoko wa wali tunaukwangua tu, hatusuuzi kwanza. Miiko ya mbao na sufuria za alumini bado ni kwa mkono, alumini hupauka.