Ukraine hapana, Goma kimya: kiongozi mwenye mikono michafu ana haki ya kukemea vita?

Mwanzisha mada

Wakuu, tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 zilisema ndiyo, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Tanzania, Uganda na Burundi tulikaa katikati. Rwanda ilisema ndiyo, na Kongo pia. Siku hiyo basi Kigali na Kinshasa walikuwa na kauli moja: jeshi lisivuke mpaka wa mwenzio.

Juni ya mwaka huohuo M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, waliichukua Bunagana, mji wa mpakani, na kabla mwaka haujaisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba wanajeshi wa Rwanda wamo ndani ya Kongo wakiwasaidia. Kigali ikakana. Mwisho wa Januari 2025 Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ikaanguka mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu ya Kivu Kusini. Rais Kagame alipoulizwa na CNN kama askari wake wako Kongo, akajibu kwamba hajui. Amiri jeshi mkuu, mwenye jeshi linalosifiwa kwa nidhamu Afrika nzima, hajui vijana wake wamelala wapi!

Ulaya nao wasijifiche. Urusi iliwekewa vikwazo ndani ya siku chache. Rwanda, Februari 2024, ilisaini hati ya ushirikiano wa madini na Umoja wa Ulaya huku vita vikiendelea. Miezi miwili baadaye M23 wakakamata Rubaya kwenye koltani, madini ya kutengenezea simu. Vikwazo vya Ulaya dhidi ya makamanda wa Rwanda na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo vilikuja Machi 2025, miji miwili ikiwa imeshakwenda.

Msimamo wangu: mnafiki ana haki ya kukemea, na sisi tuna haki ya kumbana kwa maneno yake mwenyewe. Nisichokubali ni huu mtindo wa kila ukitaja Goma mtu anakujibu "mbona Wazungu?" Dhambi ya Umoja wa Ulaya haimwondolei mtu dhambi yake.

Jirani wa Gisenyi

Ndugu, umesoma nusu ya ripoti. Wataalamu haohao waliandika kwamba jeshi la Kongo linashirikiana na FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari. Hilo umeliruka kwa nini? Aprili 1994 watu wakichinjwa, Baraza la Usalama liliamua kupunguza walinda amani hadi 270. Leo baraza hilohilo litufundishe maadili? Na Kinshasa inayolilia uhuru wa mipaka ilileta mamluki kutoka Romania. Goma ilipoanguka walikuja kurudishwa kwao kupitia Rwanda, mikono juu.

Mtu wa Bukavu

Sisi ba Bukavu tunasoma hii mjadala na tunacheka kidogo. 1994 ni kweli, na hakuna mtu wa Kivu mwenye akili anaikataa. Lakini mama anayeuza samaki Kadutu aliua nani? Banki zilifungwa, franga ikapotea, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. FDLR wako porini, ninyi mkaja kuwatafuta mjini?

Na wa kwetu pia nimseme. Juni 2021 Tshisekedi na Kagame walitembeleana Gisenyi, upande wa Rwanda, na Goma, wakasaini mambo ya dhahabu, picha za tabasamu kila mahali. Wakati huo Kivu Kaskazini na Ituri tayari ziko chini ya utawala wa kijeshi, eti kutulinda. Novemba ya mwaka ule Uganda ikakaribishwa kuingiza jeshi lake, Uganda ileile ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeikuta na hatia mwaka 2005 kwa kuvamia Kongo, na Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Sasa mvamizi ni nani na mgeni ni nani? Inategemea rais ameamkaje.

Mzee wa Kagera

Wanangu, mnawapiga majirani mnatusahau sisi. Wakuu wa Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, Goma imeshatekwa. Wakataka majeshi ya kigeni "yasiyoalikwa" yaondoke Kongo. Jina la mgeni halikutajwa! Wiki mbili baadaye Baraza la Usalama, kwa kura zote, likaitaja Rwanda wazi. Yaani New York wanaona kutoka mbali, sisi tuliopakana naye macho yanauma.

Ila mwanzisha mada nikuulize. Mwaka 1979 sisi tulivuka mpaka tukafika Kampala, tukiwa na Waganda wapinzani wa Amin. Mwalimu alikuwa akisema kuna vita viwili, cha Watanzania na cha Waganda wenyewe. Kagame akitumia maneno hayo kwa M23 utamjibuje?

Mwanzisha mada

Mzee, shikamoo. Nitamjibu kwamba Amin aliingia Kagera kwanza na kutangaza ni yake. Na Mwalimu alisimama hadharani: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hakusema hajui askari wako wapi. Baadhi ya viongozi wenzake wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipomlaumu, aliibeba lawama kwa jina lake. La vita viwili lilikuwa siasa, nakubali, na sitalitetea.

Mtu wa Bukavu

Mnabishana nani alivuka kwanza. Mimi nauliza nani atahukumu. Kongo iliishitaki Rwanda The Hague, mwaka 2006 mahakama ikasema haina mamlaka. Mahakama ya Afrika, hapo Arusha kwenu, tarehe 26 Juni 2025 ilisema inayo kwa kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Kesho yake mawaziri wa nje wa nchi mbili wakasaini amani Washington, na kila redio ikazungumzia Washington. Watanzania, wangapi kati yenu mlijua hiyo kesi iko Arusha?