Mama mkwe anakuja Dar siku tatu, kasema hataki kuonyeshwa maghorofa. Nimpeleke wapi?

MkweWaKongwa

Wakuu, shikamooni mlionizidi, wengine mambo vipi.

Alhamisi mama mkwe anashuka na treni ya SGR kutoka Dodoma, yeye na mjukuu wake wa miaka tisa. Wanakaa mpaka Jumapili jioni. Mke wangu kazini kwao wanafunga hesabu za mwezi, ruhusa hapati, kwa hiyo mwenyeji ni mimi. Mimi na mama mkwe, siku tatu. Mnielewe.

Alipokuja mwaka juzi nilimpeleka kwenye duka moja kubwa la ghorofa nikidhani nimemheshimisha. Tulipofika kwenye ngazi za umeme akasimama. Watu wakaanza kujaa nyuma yetu. Akavua kandambili, akazishika mkononi, kisha akaniambia kwa upole, "Baba, wewe panda, mimi nitakungoja hapa hapa." Nikapanda peke yangu, nikashuka peke yangu, tukanywa soda, tukarudi nyumbani. Safari hii ametanguliza salamu kupitia kwa mke wangu: asinionyeshe maghorofa wala maduka, Dodoma nayo siku hizi yamejaa.

Ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia shule za msingi zaidi ya miaka 30, Mgogo asilia, maswali yake hayaishi. Goti la kushoto linamsumbua, kwa hiyo kutembea sana juani hapana. Mtoto yeye anataka "yale maji ya kuteleza" aliyoyaona kwenye simu. Tunakaa Kimara, gari sina, bajeti ni laki mbili kwa siku zote tatu na kula humo humo.

Niseme ukweli, nina miaka kumi na moja Dar na makumbusho pekee ninayoyajua ni kituo cha daladala. Nawasilisha.

KaaNgoja

Nimevuta kiti, karanga ninazo. Waje wajuzi.

BintiUpanga

Kaka, mwalimu wa historia halafu unauliza? Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Panda Mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, ukishuka si mbali, na kwa sababu ya goti chukua bajaji.

Pale ndipo utamkuta Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu, yule aliyemwandika ubaoni miaka yote hiyo. Kuna magari ya zamani ya viongozi, na kuna sehemu ya kuwakumbuka waliokufa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Hapa Dar walikufa watu 11. Mtoto akiuliza pale mjibuni taratibu, msimkimbize. Mimi siku ile nilikuwa darasa la pili na vioo vya dirisha letu vilitetemeka.

Nenda asubuhi na mbebe vitambulisho, maana Mtanzania ana kiingilio chake na mgeni ana chake. Msikimbie kimbie. Mkae kwenye mabenchi.

Jembe_la_Tabata

Hapo hapo usisahau kumwonyesha yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria, mtoto atachanganyikiwa.

MmweraHalisi

Jembe, unataka mtoto wa watu alie? Mjusi yule hayupo Dar. Wajerumani walimchimba kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini, na mpaka leo kasimama Berlin, kichwa kiko mita 13 na ushee kutoka sakafuni. Babu zetu walibeba mzigo, tiketi wanakata wengine. Mkuu, mama akiuliza habari zake mpe jibu hilo hilo, naye atakuwa na la kwake la kuongeza.

Jembe_la_Tabata

Basi yaishe mkuu, nilisikia tu.

KondaMstaafu

Mleta uzi umenichekesha na hilo la kituo cha daladala. Mimi nimepiga debe miaka sita, "Makumbusho Makumbusho, wawili wa kukaa, twende!", na sikuwahi kujiuliza ni makumbusho ya nini. Siku moja gari liliharibika Kijitonyama, dereva kaenda kutafuta fundi, jua kali. Nikaona geti, nikaingia kutafuta kivuli.

Wakuu, mle ndani kuna kijiji kizima. Kinaitwa Kijiji cha Makumbusho, kiko pale barabara ya Bagamoyo tangu 1967. Zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, na zile ni nyumba za kuingia, siyo picha ukutani. Msonge wa Wahaya umeshuka nyasi mpaka chini kama mtu aliyevaa kofia ikamfunika macho. Kuna ya Wazaramo, kuna ya Wanyakyusa, na sasa fungua masikio: kuna tembe la Wagogo. Mpeleke mama wa watu akaone kwao bila nauli ya kurudi Dodoma. Kuna miti, kuna kivuli, eneo ni tambarare, goti halitalalamika. Alasiri nyingine wanacheza ngoma, ulizia getini siku hiyo hiyo.

Ushauri wa bure: usijifanye unajua. Mwache yeye aongee.

Shemeji_wa_Wote

Mimi naona tatizo siyo pa kwenda, tatizo ni kukaa na mama mkwe siti moja kwenye Mwendokasi saa mbili asubuhi huku mmebanwa. Kwetu hiyo ni kesi ya kulipa mbuzi.

MkweWaKongwa

@Shemeji_wa_Wote ndicho kinachoninyima usingizi. Tutaondoka saa nne, mabasi yakiwa yamepumua.

MamaPacha

Tumzungumzie mtoto, maana wote mmemsahau. Maji ya kuteleza yako sehemu mbili zinazojulikana: Kunduchi, Wet'n'Wild, na Kigamboni, Fun City. Nina mapacha, nimeenda mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Kwanza, piga simu kabla, uliza bei ya mtoto na ya mtu mzima asiyeogelea, maana mama hatateleza. Pili, nguo ya kuogelea beba ya kwako. Tatu na kubwa, usimwachie mwokoaji mtoto wako. Kuna sehemu moja, sitaitaja, nilikuta kijana mwenye filimbi shingoni amezama kwenye simu huku pacha wangu mmoja anakunywa maji. Tangu siku hiyo nakaa ukingoni na gauni langu, nimechomeka pindo, naangalia. Mtoto wa miaka tisa anayetoka Dodoma, uliza kwanza kama anajua kuogelea. Kuteleza anaweza kila mtu, tatizo linaanzia kule anakoangukia.

BintiUpanga

Na mkienda Kunduchi, mwalimu asikose magofu. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mengine yana sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Nyingi zilishabanduliwa, limebaki shimo la duara tu, lakini hata lile shimo ni somo: sahani imetoka China, ikavuka bahari, ikaishia kwenye kaburi la Mswahili. Msiende peke yenu, pateni mwenyeji wa kuwapeleka.

Mzee_wa_Pwani

Nyote mnazunguka mbuyu. Bagamoyo, kijana. Kilomita kama 70 tu. Kaole kuna magofu, mjini kuna misheni ya mapadri iliyoanza 1868 na makumbusho ndani yake, na pale ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa mwaka 1874 baada ya kubebwa na kina Chuma na Susi kutoka bara. Mwalimu wa historia akifika Dar bila kuvuka kwenda Bagamoyo ni sawa na kufika kisimani ukanawa uso tu.

MamaPacha

Mzee wangu shikamoo. Kwa goti lile na bila gari, Bagamoyo peke yake inakula siku nzima na nusu ya bajeti. Iwe safari ijayo.

Mzee_wa_Pwani

Marahaba mwanangu. Haya, lakini niliwaambia.

FundiRangi

Mkipata saa moja ya ziada, piteni Oysterbay karibu na Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza pale kwa rangi za kupakia baiskeli na ubao wa dari, akafa 1972 akiwa bado kijana, na wanafunzi wake wakaendeleza. Kutazama ni bure. Mtoto ataona chui mwenye macho kama taa za lori na atamkumbuka kuliko maji yenu.

Kigambonian

Naongeza moja tu: pantoni. Nauli yake haifiki hata bei ya soda. Mtu aliyekulia bara hajawahi kuona magari, baiskeli, matenga ya samaki na watu mia kadhaa wakielea pamoja. Nendeni, mrudi, basi.

MkweWaKongwa

Nimesoma yote, asanteni sana wakuu. Mrejesho nitauleta.

MkweWaKongwa

MREJESHO

Jana usiku nimewapandisha treni. Bajeti imevuka kwa elfu thelathini na nne, mtuhumiwa mkuu ni mishkaki.

Ijumaa ilikuwa Makumbusho ya Taifa na pantoni. Jumapili asubuhi nilimpeleka mtoto Kunduchi, kateleza mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi yake. Nilikaa ukingoni kama MamaPacha alivyoagiza, suruali nimekunja. Magofu na Tingatinga hatukuwahi.

Ila Jumamosi, KondaMstaafu, Mungu akuweke.

Tulifika Kijijini saa tano. Mama akapita nyumba za watu kwa heshima, "wamejenga vizuri, wamejenga vizuri". Tulipofika kwenye tembe akanipa mkoba. Akainama, akaingia na goti lake hilo hilo, mimi nikafuata. Ndani giza na ubaridi. Akaweka kiganja kwenye nguzo, akatazama juu kwenye fito na udongo, kimya. Nikadhani goti limekaza. Kumbe anapanga nyumba. "Hapa analala bibi. Hapa ndama. Hapa kihenge." Sauti yake ilikuwa imeshuka, siyo ile ya kuniuliza nimebadilisha lini mtungi wa gesi.

Tulipotoka, wanafunzi wa shule moja walikuwa wamefika na mwalimu wao. Mama akawatazama kidogo, akashindwa kujizuia. "Nani ataniambia kwa nini paa la Mgogo ni bapa?" Watoto kimya. "Kwetu mvua ni mgeni, haiji kila siku. Ya nini kumjengea mteremko? Juu pale tunaanika mtama." Basi, kipindi kikaanza. Akaingia kwenye muheme, namna wanawake wanavyoibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga, akawaonyesha kwa mkoba wangu wa kompyuta. Muongozaji wa pale akasogea pembeni akiwa anacheka, mwalimu wao anaandika kwenye daftari. Dakika arobaini! Mimi nimeshika kandambili zake, maana alizivua mlangoni mwa tembe na hakuzikumbuka tena.

KondaMstaafu

Mkuu umenitoa machozi nikiwa kijiweni. Nitaingia tena, safari hii nikiwa na kiingilio.

BintiUpanga

Na Zinjanthropus je? Umemruka.

MkweWaKongwa

@BintiUpanga, ndani ya Mwendokasi alishanitajia kila kitu, Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, miaka milioni moja na laki saba na nusu. Tulipofika mbele ya fuvu akavaa miwani. Akaangalia yale magego, akazunguka upande wa pili, akarudi. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema. Halafu, polepole, kama anaongea na fuvu siyo na mimi: "Na nilivyochapa watoto wa watu kwa kukosea jina lake."

Akaomba tukae kwenye benchi kidogo.