Nimepata uraia wa Marekani, fomu ya kura inaniuliza chama: mimi ni mliberali au mhafidhina?

Mgeni_Louisville
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naombeni ushauri, hasa mlioko Marekani.

Nimeapishwa uraia majuzi, naishi Louisville, Kentucky. Nilipokuwa najaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura nikakuta sehemu ya kuchagua chama, nikakwama hapo. Kazini kuna mzee alinisikia nikisema napinga utoaji mimba kwa imani yangu, akaniambia mimi ni mhafidhina, niandike Republican. Mwenzake akanisikia nataka serikali iwasaidie wasio na bima ya afya na shule za umma zipewe hela, akasema basi mimi ni mliberali, niandike Democratic. Nina biashara ndogo ya usafi na kodi inaniuma. Mke wangu ana ndugu zake kambini Nyarugusu wanasubiri kuja huku, kwa hiyo suala la wakimbizi linatugusa ndani ya nyumba.

Sitaki kutia sahihi kitu nisichokielewa. Majina hayo yana maana gani hasa, na mtu kama mimi akae wapi?

Mzee_wa_Ohio
Marahaba mdogo wangu, na hongera. Usidhani una kasoro kwa kuwa na misimamo ya pande mbili. Kila upande ni muungano wa watu waliokutana njiani.

Mliberali wa Ulaya karne ya 19 alitaka serikali isiingilie biashara. Hapa Marekani mambo yaligeuka baada ya uchumi kuanguka mwaka 1929. Rais Franklin Roosevelt wa Democratic aliingiza serikali kwenye maisha ya watu kwa nguvu, akaleta pensheni ya uzeeni mwaka 1935, na huo ndio ukaitwa uliberali. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, naye wa Democratic, akaongeza bima za afya za serikali: Medicare kwa wazee na Medicaid kwa wenye kipato kidogo. Wahafidhina ni waliosema serikali imezidi. Baadaye wakaungana nao wapinga ukomunisti, na miaka ya 1970 Wakristo waliochukizwa na uhalalishaji wa utoaji mimba. Ronald Reagan wa Republican aliwaweka wote hao chini ya paa moja alipochaguliwa rais mwaka 1980. Mpinga kodi na mpinga utoaji mimba hawakuzaliwa tumbo moja.

Tena vyama vyenyewe havikuwa hivi. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, ilipopigiwa kura bungeni, asilimia kubwa zaidi ya Republican waliiunga mkono kuliko Democratic, kwa sababu Democratic wa majimbo ya Kusini waliipinga vikali. Mwaka huohuo seneta Strom Thurmond wa South Carolina akahamia Republican, na Wazungu wengi wa Kusini wakafuata polepole.

Baba_Houston
Mzee wangu, historia umeieleza vizuri, lakini mimi ni mhafidhina na sikubali kwamba ni muungano tu. Kuna kiini. Mhafidhina anaogopa kuipa serikali ya Washington madaraka makubwa. Anaamini familia, kanisa na majirani wanatangulia, na Katiba isomwe kama ilivyoandikwa, pamoja na haki ya kumiliki silaha. Mliberali anaamini kwamba watu wakiachwa nyuma au wakizuiwa mlangoni, ni wajibu wa serikali kuingilia. Wote wawili wanasema wanatetea uhuru, na wote wanamaanisha.

Nakubali jambo moja: chama kinaweza kukiacha kiini. Sisi tulikuwa watu wa biashara huria, na sasa chama cha Republican chini ya Trump kinatetea ushuru wa bidhaa za nje. Hilo linanisumbua sana.

Kipanga_mweusi
Andika huna chama, yaishe.

Dada_Jefferson
Hapana kaka, usimwambie hivyo bila kumweleza anachopoteza. Hapa Kentucky kura za mchujo, yaani za chama kuchagua mgombea wake, ni za wanachama tu. Asiye na chama mwezi Mei hachagui mgombea wa Democratic wala wa Republican. Na Louisville mjini, viti vingi vya bunge la jimbo mshindi anajulikana kwenye mchujo wa Democratic. Ukienda kaunti za vijijini, ni kinyume chake. Novemba ndiyo unampigia yeyote umtakaye, chama chochote.

Ndugu yangu, tazama jimbo lako lenyewe. Novemba 2022 wapiga kura wa Kentucky walimrudisha Rand Paul wa Republican kwenye Seneti, na siku hiyohiyo wakakataa kuandika kwenye katiba ya jimbo kwamba hakuna haki ya kutoa mimba. Mwaka 2024 Trump alishinda hapa kwa karibu theluthi mbili ya kura, lakini pendekezo la kuruhusu fedha za umma ziende shule binafsi lilishindwa katika kaunti zote 120. Gavana wetu, Andy Beshear, ni wa Democratic, kachaguliwa 2019 na tena 2023. Majirani zako wana mchanganyiko kama wako, ila wana chama kwenye kadi.

Kwa habari ya Nyarugusu, hapo usiangalie majina, angalia matendo. Rais ndiye anayepanga kila mwaka ukomo wa wakimbizi. Trump aliushusha hadi 15,000 kwa mwaka wa fedha 2021, Biden akaupandisha hadi 125,000, na Januari 2025 Trump akausimamisha mpango wenyewe. Kama hilo ndilo linalomnyima mkeo usingizi, lipe uzito wake.

Mgeni_Louisville
Asanteni sana, mmenifungua macho. Dada, je, nikichagua sasa naweza kubadilisha? Na watu wa kanisani wanaweza kujua nimechagua chama gani?

Dada_Jefferson
Kubadilisha unaweza, lakini kama unataka kushiriki mchujo wa Mei kwa chama kipya, badilisha kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Wengi hulisahau hilo wanafika kituoni wanarudishwa.

Chama ulichojiandikisha kiko kwenye daftari la wapiga kura, na wagombea huchukua nakala, ndiyo maana utaletewa makaratasi mengi mlangoni. Uliyempigia kura hajulikani na mtu yeyote, hata mkeo usipotaka. Kama bado huna uhakika, tafuta orodha ya wagombea wa mtaa wako wa mchujo ujao, kama wa bunge la jimbo, usome wanachotaka kufanya. Halafu chagua chama chenye mchujo unaotaka sauti yako isikike.

Mzee_wa_Ohio
Na fomu uiwasilishe mapema, mdogo wangu. Huko Kentucky uandikishaji unafungwa zaidi kidogo ya wiki nne kabla ya uchaguzi.