Mausi ya wayalesi inarukaruka kazini, nihamie ya waya au kuna dawa?

Stesheneri_Mbuyuni

Wakuu habari za mchana. Nina kastesheneri kangu hapa Moshi upande wa Mbuyuni, kazi ndo zile mnazozijua, passport saizi, kadi za michango, kuprinti, kumfungulia mtu Ajira Portal, mambo ya TIN na kadhalika. Desktopu yangu haina shida ila hii mausi ya wayalesi imeanza kunitoa jasho. Unaisogeza taratibu mshale unaganda, afu ghafla unaibukia upande wa pili wa skrini. Kwenye kuandika barua unavumilia, sasa leo nilikua nakata picha ya mama mmoja kwenye Photoshop nimuwekee bakgraundi ya bluu, nazungukia sikio polepole, mshale ukaruka mpaka puani, na mama mwenyewe kasimama nyuma yangu anaangalia kila kitu. "We kijana mbona umenikata sikio?" Nikarudisha nyuma nikaanza upya, ikaruka tena palepale.

Betri nimeweka mpya. Risiva yake, kale kadude ka USB, nimekachomeka nyuma ya CPU maana poti za mbele naziacha kwa ajili ya flashi za wateja. Huko nyuma kuna printa, kibodi, na hadi diski ya nje ninayotunzia picha za watu, ndo imepakana na risiva. Kinachonishangaza asubuhi inakua fresh kabisa, ikifika mchana kazi zimechanganya na yenyewe inachanganyikiwa. Jirani yangu kanishauri ninunue ya waya niachane na hayo madude, ila kaunta ni ndogo na waya zimeshajaa. Nianzie wapi?

Chalii_Sakina

Nunua ya waya chalii wangu, elfu kumi hivi unapata ya maana na unaisahau. Wayalesi waachie wanaokaa na laptopu mgahawani.

FundiNgarenaro

Mkuu Stesheneri usinunue kitu kwanza. Hiyo hadi diski ndo ninayoitilia mashaka. Mausi ikianza vituko tupia jicho kwenye taa ya diski, kama inachezacheza ujue kuna kitu kinakopiwa. Umesema asubuhi iko fresh, si ndo muda ambao hujaanza kuhifadhi picha?

Iko hivi. Mausi za wayalesi karibu zote, ziwe za risiva au za blutuu, zinaongea na kompyuta kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na waifai ya kawaida nayo iko hapohapo. Sasa USB 3, zile poti ambazo mara nyingi ndani zina plastiki ya bluu, zinapitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde na katika kufanya hivyo zinamwaga makelele ya redio mpaka kwenye hiyo 2.4. Siyo stori za kijiweni, Intel wenyewe mwaka 2012 walitoa karatasi inayoelezea hilo tatizo, wakapima na kuonyesha kwamba diski ya USB 3 ikikaa jirani na risiva ya mausi, mausi inachelewa. Na makelele hayatoki kwenye poti peke yake, yanatoka kwenye diski yenyewe na kwenye waya wake pia, kwahiyo ukihamisha risiva kwenye poti nyeusi, ile ya USB 2, iliyo sentimita mbili pembeni unaweza usione tofauti yoyote. Risiva yako inajaribu kumsikia mtu anayenong'ona huku imekaa chini ya spika za gari la matangazo.

Dawa yake ni umbali. Tafuta ekstensheni ya USB, ile waya fupi huku dume huku jike, madukani ipo bei ya kawaida tu, chomeka nyuma kwenye poti nyeusi afu risiva uilete juu ya meza karibu na mausi. Huko nyuma imezibwa na boksi la bati la CPU, na bati linakula mawimbi. Kabla hujatoa hela lakini, jaribu hivi bure: itoe diski salama, chomoa, afu kata picha moja. Ikitulia umeshapata jibu. Ikiendelea vilevile basi tuangalie mengine.

Hiyo betri mpya nayo usiiamini sana. Kuna betri zimekaa dukani mpaka zimechoka, na zile za bei chee za redio hazikai. Ya alkalaini ikiwa mpya kweli inasoma volti 1.5 au zaidi kidogo kwenye mita. Kama unatumia za kuchaji zenyewe ni 1.2 kwa kuzaliwa, mausi nyingi zinakubali ila taa ya onyo inaweza kuwaka mapema.

Mama_wa_Mahesabu

Mimi niko Njiro, mambo ya mawimbi nawaachia nyie, ila nina swali kwa Stesheneri. Hiyo kaunta yako juu ina kioo? Maana stesheneri nyingi ninazoingia zina kioo na chini yake wamepanga sampuli za kadi za harusi na picha za wateja wa zamani, na mausi inatembea juu ya kioo hichohicho. Kama ni hivyo mdogo wangu hata diski uitupe Mto Karanga mausi itaendelea kukusumbua. Chini ya mausi kuna kajicho kanapiga picha za meza mfululizo, zaidi ya elfu moja kwa sekunde, kanalinganisha picha na picha kajue umeenda wapi. Kwenye kioo safi hakaoni cha kushika, mwanga unapita tu. Na ukiipitisha juu ya picha iliyoko chini ya kioo ndo kanababaika zaidi, mara kaione mara kaipoteze.

Weka padi. Huna padi, weka jalada la daftari gumu lisilong'aa, linafanya kazi vizuri tu. Na geuza mausi upulize hapo kwenye kajicho, unywele mmoja ukikwama hapo mshale unatetemeka wenyewe hata hujaigusa. Kwa vumbi letu la kiangazi mimi yangu naifuta na pamba kila nikikumbuka.

Stesheneri_Mbuyuni

Asanteni sana. Kioo kipo dada, tena na sampuli chini kama ulivyosema, umenichekesha kweli.

Fundi nimefanya ulivyosema. Nilipochomoa diski, kule kuganda kukaisha, naivuta inakuja. Nikairudisha nikaanza kukopi folda ya picha, haikuchukua muda ikaanza kugandaganda, nikasitisha kukopi ikaachia. Ila kuna kule kuruka kudogodogo kulikobaki hata diski ikiwa haipo, nikaweka jalada la kaunta buku chini ya mausi na kenyewe kakaisha. Kumbe yalikua magonjwa mawili kwenye mgonjwa mmoja. Ekstensheni naifuata kesho pale karibu na stendi.

Sasa naomba kuuliza, nikishaweka ekstensheni kuna sababu tena ya kununua ya waya? Jirani bado ananiambia ya waya ina kasi kuliko.

Chalii_Sakina

Ipo sababu. Kwanza betri, siku imekufa saa tisa mchana foleni imefika mlangoni utafanyaje? Pili usalama, na hili watu hawalizungumzii. Mwaka 2016 kuna watafiti wa kampuni ya Bastille kule Marekani walionyesha kwamba risiva za mausi za kampuni nyingi kubwa hazikua zinakagua vizuri nani anaongea nazo, mtu akiwa na kifaa cha bei ndogo tu umbali wa kama mita 100 anaweza kuidanganya risiva na kuingiza herufi kwenye kompyuta yako kana kwamba ameshika kibodi. Wakaupa jina MouseJack. Wewe hapo watu wanakuachia paswedi za Ajira Portal na namba zao za NIDA. Waya haudukuliwi kutoka ng'ambo ya barabara.

FundiNgarenaro

Chalii umeongea kweli kuhusu MouseJack, ila tuwe wakweli, wizi wa paswedi stesheneri hauji na antena. Unakuja na kivinjari kilichobonyezwa "hifadhi paswedi" na mteja anayefuata anakuta akaunti ya mwenzake iko wazi. Mkuu Stesheneri hilo ndo ulishughulikie leoleo kabla hata ya ekstensheni. Risiva baadhi zilitolewa marekebisho ya programu, nyingine hazikubali kurekebishwa kabisa, kwahiyo ukinunua wayalesi ya kuandikia mambo nyeti chukua ya miaka ya karibuni au ya blutuu.

Kuhusu kasi, jirani yako anaongelea vitu vya wacheza gemu. Mausi ya kawaida ya USB inaripoti ilivyosogea mara 125 kwa sekunde, za gemu zinafika 1000 na zaidi, na siku hizi kuna wayalesi za gemu zinazofika hapohapo. Kwa kukata sikio la mtu kwenye Photoshop 125 inatosha na inabaki.

Ila kwa kaunta inayofungua asubuhi mpaka usiku mimi ningekua na zote mbili. Ya waya iwe ndani ya droo kama akiba, maana haiulizi betri wala risiva, na ndo kipimo chako: siku wayalesi ikisumbua chomeka ya waya, na yenyewe ikiganda basi tatizo liko kwenye kompyuta, labda diski ya ndani imeelemewa au antivairasi inaskani, mausi unaionea bure. Na usidhani ya waya haifi. Inafia shingoni, pale waya unapoingilia kwenye mausi, kwa kuvutwavutwa. Ukiona inakata na kurudi ukikunja waya, ujue nyuzi za ndani zimekatika. Na ya waya nayo ina kajicho kalekale, juu ya kioo itaruka vilevile.

Mama_wa_Mahesabu

Hapo kwenye paswedi piga mstari kabisa. Nimeshakaa kwenye kompyuta ya stesheneri moja nikakuta imeili ya mtu iko wazi na mikataba yake yote.

PasuaBoy

Naomba kudandia. Yangu ni ya waya, hairuki, ila nikibonyeza mara moja inafungua kama nimebonyeza mara mbili. Nikivuta faili linadondoka njiani. Nimebadili poti, nimefuta draiva nikaweka upya, wapi. Nayo ni mambo ya mawimbi?

FundiNgarenaro

Hapana dogo, hiyo ni swichi. Chini ya kitufe kuna kaswichi kadogo ndani yake kuna kakipande kembamba ka bati kanakogonga, kakichoka au kakishika kutu kanagonga mara mbili kwa mbonyezo mmoja, na hilo linampata wa waya na wa wayalesi sawasawa. Kabla hujaifungua nenda kwenye mipangilio ya mausi ubadilishe kitufe kikuu kiwe cha kulia, ukibonyeza cha kulia tatizo likapotea umeshajua ni swichi ya kushoto. Anayejua kupiga soda, yaani kulehemu, anakuhamishia ya kulia kuja kushoto maana ya kulia huwa haijatumika sana, dakika chache tu. Kama ni mausi ya bei ndogo nunua nyingine, hela ya fundi itakaribia hela ya mausi mpya.