Mkondo wa amali: ujuzi kweli, au pa kutupia waliofeli?

MamaWatatu: Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Tangu Januari 2024 sekondari zina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi. Wangu anaingia kidato cha kwanza mwakani. Anapenda umeme, redio zote za ndani keshazifungua. Baba yake hataki kusikia, anasema amali ni ya waliofeli. Je, ni sawa kuwatenganisha watoto mapema hivi? Na hizo karakana zipo, au watachorewa nyundo ubaoni?

Chuma_Mboga: Muache aende. Mtaani kuna wenye digrii wanaendesha bodaboda, na Bodi ya Mikopo inawasubiri tu waajiriwe iwakate 15% ya mshahara. Fundi umeme hana habari na bodi.

MwajiriHalali: Nina kiwanda kidogo, nasemea ninachokilipa. Ukiwa na wafanyakazi kuanzia 10 unatozwa tozo ya ujuzi kwenye mishahara yote. Ilikuwa 4%, mwaka 2023 ikashushwa hadi 3.5%. Hela hiyo ilianzishwa kwa ajili ya mafunzo, lakini haiendi yote VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Iende yote, ndipo tuulizane habari za karakana. Ingawa hata huyo mhitimu akija, ni fundi wa Kibongo yuleyule: mpe kianzio, simu inazimwa.

Spana_Buguruni: Hapo mwisho umenigusa pabaya. Fundi gani alikuzimia simu? Mtaje kwa kazi yake. Mimi nachomelea magrili, na wanaozima simu ni wateja. Dirisha limeshafungwa, mtu anakwambia nitamalizia mwisho wa mwezi. Mwezi gani, hasemi.

Dada_Salha: Spana usitake nicheke. Umeshawahi kumpelekea fundi cherehani kitambaa kabla ya Ramadhani? Usiku wa kuamkia Idi ndiyo kwanza anakuuliza "dada, ulisema mikono mirefu au mifupi?"

Chuma_Mboga: 😂😂 Na kitambaa kimepungua.

Mzee_wa_Ifunda: Zamani hamkuwa na mafundi wa namna hiyo. Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, shule za ufundi zilikuwa shule. Ukitoka pale unasoma mchoro, unashika tupa, na saa mbili ni saa mbili. Mkapa alipoleta VETA ndipo vyeti vikawa vingi kuliko mikono.

Kalamu_Nyekundu: Mzee, sheria ya VETA ni ya 1994. Mkapa kaapishwa Novemba 1995. Msiwasingizie marehemu. Na kwa heshima zote, nyie mliosimamia Elimu ya Kujitegemea, ile ya kuchanganya masomo na kazi za mikono, ndio mliotufikisha hapa. Sera yenyewe ya 1967 ilikuwa nzuri. Shuleni kwetu ukichelewa namba, jembe. Ukiongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, jembe, na shamba lenyewe la mwalimu. Leo mnashangaa mzazi akisikia amali anadhani mwanawe kaadhibiwa?

Mzee_wa_Ifunda: "Nyie" ni nani? Mimi sikuwahi kuwa mwalimu. Na kulima hakujakuua, kijana.

Kalamu_Nyekundu: Hakujaniua, na hakujanifundisha kulima pia.

Afisa_Maendeleo: Tuwasaidie waliopo mtaani. VETA kuna urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, akifaulu anapewa cheti bila kuanza moja. Wengi walioanza saidia fundi hawajui.

Spana_Buguruni: Cheti nitakitundika wapi, kwenye grili? Mteja anaangalia bei.

Afisa_Maendeleo: Tenda ya madirisha ya shule ya halmashauri, kaka. Pale wanataka karatasi. Usipokuwa nayo, anayepata tenda ni mwenye cheti, halafu anakuita wewe deiwaka.

Dada_Salha: Mimi sasa nanunua vifaa mwenyewe, fundi namlipa ufundi tu. Simpi mtu hela ya mbao. Mwaka jana nililipia mninga, kikaja kitanda cha mbao mbichi. Kimepinda hadi godoro linateleza.

Spana_Buguruni: Ndiyo mnavyopigwa dukani. Umeambiwa bomba la unene fulani, unauziwa jembamba, likitoboka wakati nachoma lawama kwangu.

MamaWatatu: Jamani, nimeuliza habari ya mtoto.

Kalamu_Nyekundu: Mama, amali haimwondolei Hisabati wala Kiingereza, kwa hiyo baba yake asiogope kwamba milango inafungwa. Lakini nenda shuleni mwenyewe kabla ya kuamua. Usiulize kama karakana ipo, omba ufunguliwe uione. Tazama kama mashine zina vumbi la kazi au la kukaa. Uliza mwalimu wa umeme ni nani, na kama ndiye huyohuyo wa Jiografia.

Chuma_Mboga: Hilo la Jiografia limenikumbusha mbali sana.

Mzee_wa_Ifunda: Kwanza hata hizo mashine zikiwepo, umeme wenyewe ukikatika? Enzi zetu tupa ilitumika kwa mkono.

MwajiriHalali: Hakuna aliyegusa hoja yangu ya 3.5%. Nimeandika mistari mingi, mmeona kianzio tu.

Spana_Buguruni: Na wewe hujanijibu. Fundi gani alikuzimia simu?