Wapanda miti Mufindi: tununue mashine gani ya kupasulia mbao?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu kina miti ya paina ya miaka 12 wilayani Mufindi. Hadi sasa tumekuwa tukiuza miti ikiwa imesimama. Wanunuzi huja na dingdong zao, yaani mashine za kuhamishika zenye msumeno wa duara, hupasua papo hapo na kuondoka na mbao, nasi tunabakiwa na mabanzi. Tumeamua kupasua wenyewe, ila wapo wanaotaka dingdong kwa kuwa ni nafuu na kila fundi anaijua, wapo wanaotaka msumeno wa bendi (ukanda mwembamba wa chuma wenye meno unaozunguka), na wengine wanashikilia mashine ya kumenya magogo kuwa karatasi nyembamba za mbao za kutengenezea plaiwudi. Tafadhali tushaurini.

Mnoa misumeno, Makambako: Angalieni kwanza msumeno unakula kiasi gani. Ule wa duara wa dingdong hula takribani milimita 6 kila unapopita, na wa bendi kama 2. Gogo likipitishwa mara nane, dingdong imegeuza milimita 48 kuwa vumbi na bendi 16, kwa hiyo tofauti peke yake inazidi unene wa ubao wa inchi moja. Hata hivyo, bendi haivumilii uzembe: ikishika mchanga ulioganda kwenye gome huwa butu mara moja, na mbao hutoka na mawimbi. Mpelekeni kijana mmoja akajifunze kunoa na kupanga meno kabla mashine haijafika; pale Mafinga kipo kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao.

Mchangiaji, Iringa: Kumenya magogo muwaachie wenye viwanda. Karatasi ile ya mbao ikishatoka inadai kukaushwa, gundi, mashini ya kubana kwa joto, umeme wa fezi tatu na magogo ya kila siku.

Seremala, Dodoma: Mimi ndiye mnunuzi wenu wa mwisho, na kilio changu ni mbao mbichi. Niliwahi kutengeneza milango kwa paina iliyotoka shambani wiki ileile. Kabla ya miezi miwili viungo vilikuwa vimeachana, nikalazimika kuirudia yote kwa gharama yangu. Miti ya miaka 12 bado ina mbao changa nyingi karibu na kiini, nazo hujipinda upesi. Jengeni banda kabla ya kununua mashine yoyote: pangeni mbao juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja vilivyolala kimoja juu ya usawa wa kingine kutoka chini hadi juu, upepo upite. Mabanzi mnayobakiwa nayo yanatosha kuezekea.

Muulizaji: Nashukuru sana. Banda hatukuwa tumeliweka kwenye bajeti kabisa. Nitalifikisha kwenye kikao cha Jumamosi pamoja na jina la kijana wa kwenda Mafinga.